Ndoo Moja kwa Kila Mwombolezaji

Zege halijui msiba. Ukishalimwaga linataka maji. Asubuhi linataka, mchana linataka, jioni linataka, siku saba mfululizo. Ukilinyima linapasuka, na likishapasuka hakuna cha samahani.

Kasian alilijua hilo kwa sababu lilishamkosesha kazi. Kule Chimala alimwaga jamvi, ile sakafu ya zege, la ghala la mpunga, zuri, limenyooka, akawaachia vibarua wamwagilie, yeye akarudi Mbalizi kwao kukimbizana na kazi nyingine. Vibarua nao wakasikia Madibira mavuno yameanza, wakaondoka. Aliporudi, jamvi lilikuwa na nyufa kama visigino vya mkulima. Jina lake likaandikwa kwenye ripoti. Miaka miwili hakuna aliyempa kazi ya maana. Akawa mtu wa vyoo na kuziba plasta za watu.

Mpaka alipotokea Devotha, injinia mpya wa wilaya, dada mmoja mfupi asiye na maneno mengi. Akampa wodi ya wazazi ya kijiji cha Ikwembe, huko juu milimani Iringa, ambako mjamzito akishikwa uchungu anashushwa na pikipiki, amekaa katikati ya dereva na mama mkwe.

"Sijakupa kwa sababu nakuamini," Devotha alimwambia. "Nimekupa kwa sababu mafundi wengine hawataki kupanda huko. Msingi ukikamilika, jamvi mwage Jumatatu. Ijumaa yake nakuja na nyundo yangu. Likilia vibaya, unalivunja mwenyewe halafu unashuka, na mimi sikujui."

"Sawa, injinia."

"Umesikia nilivyosema?"

"Nimesikia. Hunijui."

Msingi ulimchukua toka mwezi wa sita mpaka Oktoba. Basi Jumatatu ya jamvi kijiji kizima kilitoka. Msaragambo wa kweli, siyo ule wa kusaini jina na kuondoka. Mashine ya kuchanganya hakuna, zege linakorogwa na koleo, linapita mkono kwa mkono kwenye karai, wanawake wanapanda na ndoo kutoka mtoni. Na mto wenyewe uko bondeni, ukishuka unacheka, ukipanda unaongea na Mungu wako.

Juu ya yote hayo alikuwepo Mzee Sosthenes Kalinga, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mzee huyu alikuwa na fimbo, na ile fimbo ilikuwa na kazi kuliko koleo. Anachoma mchanga, anasema una udongo, urudishwe. Anahesabu mifuko ya simenti asubuhi, anaihesabu tena kabla ya chai, kama vile inaweza kuota miguu. Siku ile alikuwa anakohoa vibaya, amejifunga blanketi juani, lakini kuondoka hakuondoka mpaka karai la mwisho. Jioni wakampakia kwenye gari la mwalimu, wakampeleka hospitali Iringa.

Jumanne asubuhi wanawake wa kitongoji cha kwanza walikuja zamu yao, wakamwagilia. Kasian akalifunika jamvi kwa nyasi na magunia, akamwagia tena juu yake. Roho yake ikatulia kidogo.

Saa sita kengele ya kanisa ikalia. Ikalia polepole, ile ya moja, unasubiri, moja. Kila mtu akasimama alipo. Mwanamke mmoja alikuwa ndiyo kwanza anafika na ndoo kichwani. Akaishusha chini, hapohapo njiani, akaiacha na maji yake, akageuka.

Mzee Kalinga amefariki.

Kasian naye alisikitika, siyo kwamba ni mtu wa mawe. Yule mzee alikuwa msumbufu, lakini msumbufu wa kazi, na watu wa namna hiyo ni wachache. Ila mpaka saa tisa mchana hakuna ndoo hata moja iliyopanda. Tenki la plastiki kavu. Upepo wa Oktoba ulianza kutoka upande wa machweo, ukapeperusha nyasi zote, na magunia yakawa makavu kama karatasi. Akaenda kwa mtendaji wa kijiji, kijana mmoja anaitwa Brayson, amemaliza chuo juzijuzi.

"Mtendaji, nipe wanawake kumi tu. Nusu saa."

"Fundi, msiba wa mtu mzima hapa jembe halishikwi. Mpaka azikwe, halafu siku tatu."

"Siombi jembe. Naomba maji."

"Maji ya kujengea ni kazi. Kazi ni jembe."

"Nani kasema?"

"Wazee." Brayson akashusha sauti. "Kaka, mimi mwenyewe hapa nina miezi saba. Mwenzangu aliyepita alilima bustani yake ya mchicha siku ya msiba. Muulize yuko wapi sasa hivi."

Jumatano alfajiri, kabla watu hawajaamka vizuri, Kasian akachukua madumu mawili, akashuka mtoni mwenyewe. Akapanda. Akamwaga. Jamvi lilikuwa kubwa, mita kumi na nane kwa tisa, na yale madumu mawili yalikuwa kama kumtemea mate ng'ombe mwenye kiu. Kule kwenye kona ya machweo akainama akaona mstari. Mwembamba, kama unywele umedondoka. Akaupitisha kidole. Haukuwa unywele.

Safari ya tatu akakuta vijana wanne wamesimama njiani. Mkubwa wao, Anord, juzi tu alikuwa anacheka naye kwenye kukoroga zege.

"Fundi, shusha madumu."

"Anord, we mwenyewe ulilikoroga hili. Litapasuka."

"Shusha kwanza. Babu yangu yuko ndani kwenye sanduku, na wewe unapita mbele ya nyumba yake na madumu unapiga mluzi."

"Sikupiga mluzi."

"Ungepiga ingekuwa mbaya zaidi. Twende."

Wakampeleka msibani. Uwanja umejaa, watu kama mia tatu, wanaume upande huu kwenye moto, wanawake upande ule na masufuria. Na hapo ndipo moyo ulipomuuma Kasian, maana pembeni mwa jiko alikuta ndoo zote za Ikwembe. Zote. Zimepangwa, zimejaa maji ya kupikia na kunawia. Kumbe wanawake hawakuacha kupanda ule mlima. Wanapanda, ila maji yanakuja huku.

Aliyesimamia mazishi alikuwa Mzee Sedekia, mtu mrefu, mkavu, asiyekuwa na haraka na lolote. Akamwangalia Kasian, akaangalia yale madumu ambayo Anord ameyabeba kama ushahidi.

"Fundi wa Mbeya," akasema. "Kwenu Unyakyusani mkifiwa mnaendelea tu na shughuli?"

"Mzee, samahani. Mimi sikutaka kudharau mtu. Lile jamvi ni la kwenu. Likifa, linakufa la kwenu."

"Lililokufa hapa ni mtu. Utatoa mbuzi."

"Sina mbuzi."

"Tutakusubiri umpate. Mtendaji, andika. Jina lako kamili nani?"

"Kasian Ngonyani."

Brayson akaanza kuandika. Lakini upande wa wanawake mtu mmoja akainua kichwa. Alikuwa bibi mmoja mnene, amejifunga kanga kichwani, macho yamevimba kwa kulia. Rozalia Sekalinga, kama wanavyoitwa wanawake wa ukoo wa Kalinga, dada wa tumbo moja na marehemu.

"Kasian nani?"

"Ngonyani, mama."

"Ngonyani wa wapi?"

"Nimezaliwa Mbalizi. Baba alitoka Songea, alikuja kutafuta kazi."

"Kwa hiyo wewe Mngoni."

Kasian akainua mabega. Hajawahi kufika Songea. Kingoni hajui hata cha kuombea maji. Toka afike Ikwembe watu wanamwita Mnyakyusa, na yeye hakusumbuka kuwarekebisha, aliona yote yaleyale. "Nadhani ndiyo," akasema.

"Anadhani," bibi akawaambia wenzake. "Toka mwezi wa sita tunakaa na Mngoni hapa, tunamgawia ugali, tunamwamkia kwa adabu, na hakuna aliyesema." Akamgeukia Mzee Sedekia. "Futa huyo mbuzi. Mtani hatozwi msibani. Mtani ndiye anayetoza."

Minong'ono ikapita kwenye uwanja. Wahehe na Wangoni walipigana zamani mpaka wakachoka, na walipochoka wakabaki na utani. Msiba wa Mhehe bila mtani ni kama mboga bila chumvi: italiwa, lakini kila mtu anajua. Na Ikwembe mtani wa mwisho alikuwa mwalimu mmoja mstaafu, amekufa miaka tisa iliyopita. Toka hapo wanazika kimyakimya tu. Wanalia, wanazika, wanarudi na uzito wao nyumbani.

"Mtani wa kudhani," Mzee Sedekia akasema. "Hata utani haujui huyu."

"Kwani mlifundishwa shuleni?" Bibi Rozalia akamvuta Kasian mkono, akampeleka pembeni ya jiko. "Mwanangu, sikiliza. Mtani msibani ana haki. Anaweza kumsema marehemu, anaweza kushika kitu cha msiba akakataa kukiachia mpaka apewe anachotaka. Na hakuna wa kumgusa. Lakini lazima awatanie watu kwanza. Bila hivyo ni mwizi tu. Umeelewa?"

"Mama, mimi sijui kutania."

"Kusema ovyo unajua?"

"Hiyo najua."

"Basi inatosha. Na usimwonee huruma kaka yangu, hakupenda kuonewa."

Mazishi yalikuwa saa tisa. Kaburi lilichimbwa kwenye shamba la mzee mwenyewe, upande wa chini wa barabara. Katekista akasoma, wakaimba, vijana wakashika kamba za sanduku. Hapo Kasian akaruka ndani ya kaburi.

Kasian alisimama mle ndani, udongo umemfika kifuani, akatazama juu akaona nyuso mia tatu zimemwinamia na hakuna hata moja inayocheka. Akawaza, leo nafukiwa na huyu mzee.

"Halishuki sanduku hapa," akasema. Sauti ikatoka nyembamba. Akakohoa, akaanza upya. "Nasema halishuki. Nimekagua hili shimo. Mmechimba ovyo. Nipeni fimbo."

Mtu mmoja, mpaka leo hajui nani, akamtupia fimbo ya mzee. Kasian akaishika, akainamisha mgongo, akatoa mdomo mbele, akaanza kuchoma ukuta wa kaburi na ncha ya fimbo, taratibu, huku ananusa.

"Fundi," akasema kwa sauti ya mzee, ile ya puani. "Fundi, mchanga huu una udongo. Fundi, mfuko wa kumi na saba uko wapi? Umeulalia? Simama niangalie."

Kuna mtu akakohoa kuzuia kicheko. Kasian akakisikia kile kikohozi, akapata nguvu.

"Wahehe nyie mnampeleka huyu mzee mbinguni, mmemfikiria mtakatifu Petro? Saa hizi anahesabiwa funguo. Asubuhi funguo, kabla ya chai funguo. Malaika wamejipanga mstari wanakaguliwa mabawa: hili lina udongo, rudisha. Mtu mmoja amewashinda hapa kijijini, mnamsukumia Mungu. Ndiyo tabia yenu. Babu zenu nao walikuwa hivyohivyo, wakizidiwa na Wangoni wanakwenda kumshtakia Mungu."

"Nani alizidiwa?" Anord akapayuka juu ya shimo. "Mngoni, babu yako alikimbia mpaka akasahau mkuki kwetu. Upo kabatini, njoo uchukue."

"Nitaupitia kesho. Uoshe kwanza, mlikuwa mnachomea nyama."

Hapo ndipo kilipopasuka. Kicheko cha kwanza kilitoka kwa Mama Faustina, mjane mwenyewe. Alikuwa ameshikiliwa na wanawake wawili, na akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, anasema, "Funguo, jamani, hata zangu za kabati alikuwa anazihesabu," na wale waliomshikilia nao wakaangua, na mstari wote ukaangua, mpaka katekista akageukia mahindi akijifanya anatafuta ukurasa.

Kasian akasubiri kitulie. Alipoongea tena, hakuiga sauti ya mtu.

"Jumatatu alikaa karibu na mimi juu ya tofali, kifua kinamkoroma. Nikamwambia mzee nenda kalale. Akanijibu, nilale, halafu kesho nani atalinywesha hili jamvi? Sasa leo ni Jumatano. Nimetoka kuliangalia. Halijanyweshwa. Maji yote ya Ikwembe mmempelekea yeye msibani, na yeye hanywi." Akaegemea ukuta wa kaburi, akakunja mikono. "Mimi mtani. Sitoki humu mpaka mnilipe."

Mzee Sedekia akasogea ukingoni. "Sema. Unataka kuku?"

"Sitaki kuku."

"Ulanzi dumu moja."

"Ulanzi wenu nishaunywa. Unafaa kuoshea brashi." Wakacheka tena. "Nataka ndoo moja ya maji kwa kila mwombolezaji. Imwagwe juu ya jamvi leo hii, na yanayobaki yajaze tenki."

"Hiyo ni kazi. Jembe halishikwi."

"Hiyo siyo kazi, ni haki ya mtani. Mama Rozalia, haki ya mtani ni kazi?"

"Siyo kazi," bibi akasema. "Na haki ya mtani hailali. Inatolewa siku ileile, au marehemu analala vibaya."

Mzee Sedekia akafikiri. Jua linashuka, vijana mikono inawauma kwa kushika kamba. "Kuna vikongwe hapa. Kuna wenye watoto wachanga."

"Vikongwe kikombe. Wenye watoto kikombe."

"Na mimi?"

"Wewe mzee umenitoza mbuzi. Ndoo mbili."

Mzee Sedekia hakucheka, lakini alimpa mkono kumvuta atoke shimoni. Wakamzika Mzee Kalinga vizuri, kwa udongo wake uleule.

Halafu ikaanza. Walitoka kaburini wakapita msibani, kila mmoja akachukua ndoo, na waliokosa wakashuka mtoni na masufuria ya msiba, na suti zao na viatu vyao vya kanisani. Mstari ulianzia bondeni ukaishia kwenye jamvi. Kasian alisimama katikati, suruali imejaa udongo wa kaburi, anaelekeza: pale, polepole, usimwage kwa kutoka juu, mwaga kama unamnawisha mgeni. Mama Faustina alileta ndoo nzima, alikataa kikombe. Akamwaga, akasimama anaangalia maji yanavyozama.

"Kumbe linakunywa kweli," akasema.

"Linakunywa, mama. Limekaa na kiu toka jana."

Jioni tenki lilijaa mpaka likamwagika. Siku zilizofuata Ikwembe haikushika jembe, ila Kasian alishika ndoo yake, asubuhi, mchana, jioni, peke yake, na watu wakipita njiani wanamtukana babu yake kwa furaha, naye anawarudishia. Hakuna aliyemsimamisha.

Ijumaa Devotha akafika na nyundo. Hakusalimia sana. Alianzia mlangoni, anagonga, anasikiliza, anasogea, anagonga. Kasian alimfuata nyuma kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Ko. Ko. Ko. Sauti ngumu, nzima. Walipofika kona ya machweo, kabla hajagonga, Kasian akasema, "Hapo usigonge. Hapo pamekufa."

Devotha akamwangalia, akagonga hata hivyo. Ikalia tupu. Akainama, akaufuata ufa kwa kidole mpaka ulipoishia, akachukua chaki akazungushia. Kama mita mbili kwa moja na nusu.

"Ilikuwaje?"

"Lilikosa maji siku nzima na usiku wake. Kulikuwa na msiba."

"Na kwingine kumeponaje?"

"Msiba huohuo."

Devotha akajipangusa chaki kwenye jinzi. "Hii kona vunja, mwaga upya. Kwingine anza kunyanyua ukuta Jumatatu. Na Kasian, kuna choo cha shule ya Ilambo kinatafuta fundi. Ukimaliza hapa nipigie."

"Unanijua sasa?"

"Nakuona," Devotha akasema, akapanda gari.

Ile kona aliivunja mwenyewe kwa nyundo kubwa siku mbili nzima, hakuruhusu mtu amsaidie. Jumatatu matanga yalikuwa yameshaanuliwa, vijana wakarudi, wakaimwaga upya saa nne asubuhi. Zege bado bichi, linang'aa, Kasian anapitisha mwiko wa mwisho, ndipo Mzee Sedekia alipotokea amevaa koti.

"Mtani, osha mikono. Kuna msiba kitongoji cha juu. Bibi mmoja. Unaitwa."

Kasian akamwangalia yeye, akaangalia zege. "Mzee, hili nimelimwaga sasa hivi. Siwezi kuliacha. Nishawahi kuliacha la namna hii, nikaponzeka."

"Tumekaa jana baada ya ibada," Mzee Sedekia akasema. "Tumesema maji ya zege siyo jembe. Anord na wenzake watamwagilia, kuwe na msiba, kusiwe na msiba. Na mimi nitakuja kuangalia jioni." Akanyoosha mkono, akachukua fimbo ya marehemu iliyokuwa imeegemezwa kwenye tofali, akachoma mchanga uliobaki, akaukunjia uso. "Ila huu una udongo. Twende."

Kasian akamgeukia Anord. "Jioni, Anord. Siyo kesho. Jioni."

"Nenda, Mngoni, kabla sijabadili mawazo."

Akaosha mikono kwenye tenki, akakung'uta suruali, simenti haikutoka. Wakaanza kupanda mlima, mzee mbele, yeye nyuma. Halafu Kasian akauliza:

"Alikuwaje huyo bibi?"

"Mchoyo," Mzee Sedekia akasema.

"Wa nini?"

"Chumvi. Ukimwomba chumvi anakupa punje, halafu anakufuata kwako kuangalia umepika nini."

"Endelea," Kasian akasema.